Kamba, Jiwe na Miti Mitatu



Jumamosi iliyopita nilikuwa ofisini mwa parokia hapa Gare, nikiandika majina ya watoto wa Komunio ya Kwanza, mara mlango ukabishwa. Aliyeingia ni baba mmoja wa kigango cha jirani, mtu wa heshima, mkulima wa viazi na kabichi. Nikamwamkia, "Onga makeo, Mgoshi." Akaitikia kwa kifupi, akaketi, akatoa mfukoni daftari la mwanawe wa darasa la tano, akaliweka mbele yangu juu ya meza.

"Bwana Karani," akasema, "wewe ulisomea ualimu kabla ya kushika kalamu ya Padre. Basi nisomee hili, uniambie ni daftari la somo gani."

Nikalifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na katikati kamba yenye jiwe. Chini yake hesabu: 29 mara 2 ni 58. Ukurasa wa pili ulikuwa na habari aliyosimuliwa mtoto na bibi yake, juu ya matuta waliyolazimishwa kulima zamani za Waingereza. Ukurasa wa tatu, mvua: milimita ngapi, lita ngapi, madebe mangapi.

"Ni la Hisabati?" akauliza yule baba. "Ni la Historia? Ni la kilimo? Mimi nauza kabichi ninunue madaftari, nalipa mchango wa uji, nalipa wa mlinzi, halafu naambiwa mwanangu alishinda kutwa mteremkoni akishika kamba. Mteremko ninao nyumbani! Kama ni kwenda kondeni, angekwenda kwangu."

Nimeona niandike juu ya jambo hili katika ukurasa wetu wa juma hili, kwa maana najua si yeye peke yake mwenye kuuliza. Wazazi wengi waliolelewa na shule ya kengele, kila kengele na somo lake, wakiona walimu wawili wameunganisha masomo yao hudhani wamechoka kufundisha. Tena sitaki mnione nacheka hasira ya yule baba. Hasira yake ina mizizi, na mizizi hiyo naijua.

Wenye umri wangu na walionitangulia mwakumbuka. Mwaka 1967, mwezi Machi, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule za Kanisa: pale St. Mary's Tabora alifundisha Biolojia na Kiingereza, na baadaye akafundisha Pugu. Alitaka shule iwe na shamba, na shamba liwe kama darasa, ili mtoto ajue kwa nini mbolea inawekwa, apige hesabu ya mavuno, ashauriane na wenzake juu ya matumizi ya fedha. Kazi na masomo viwe kitu kimoja. Lakini katika shule niliyosoma mimi utotoni, ambayo sitaitaja, jambo hilo lilibaki jembe tupu. Tulipalilia, tukachota maji, tukabeba kuni za nyumbani kwa mwalimu, na hakuna aliyetuuliza hata siku moja kuwa shamba lina ukubwa gani au magunia yalikwenda wapi. Aliyechelewa alipewa matuta zaidi. Tukajifunza jambo moja tu, kwamba jembe ni adhabu. Mtu aliyepita huko akisikia mwanawe amepelekwa mteremkoni, ana haki ya kuuliza.

Basi nikamwambia yule baba, "Mgoshi, swali lako ni jema. Tulipime daftari lenyewe. Kama mtoto alikuwa kibarua, tutajua. Kama alikuwa mwanafunzi, tutajua pia."

Tukaanza na ile miti mitatu. Nawaelezeni na ninyi, kwa maana ni kifaa kinachofaa kila nyumba ya milimani, wala hakiuzwi dukani. Twaa miti miwili iliyonyoka, kila mmoja mita 2. Ifunge pamoja juu, uipanue chini mpaka nafasi kati ya miguu iwe mita 2 pia. Mti wa tatu uulaze katikati, uufunge kama daraja la herufi A. Juu, pale miti inapokutana, tundika kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ule mti wa katikati. Hapo una kipimo cha usawa wa ardhi.

Lakini alama ya usawa iwekwe wapi? Mtu wa pupa atasema katikati ya mti, basi. Sivyo, kwa sababu miti ya porini haina urefu sawasawa na mafundo yetu si ya kiwandani. Walimu waliwafundisha watoto hivi: kisimamishe kifaa mahali popote, weka kigingi kwenye kila mguu, tia alama pale kamba inapogusa mti. Kisha kigeuze, mguu wa kulia ukae pa kushoto na wa kushoto pa kulia, katika vigingi vile vile. Kamba itagusa mahali pengine. Tia alama ya pili. Sasa pima nafasi iliyo kati ya alama hizo mbili uigawe kwa mbili: hapo katikati ndipo usawa wa kweli. Mtoto wa yule baba alikuwa ameandika: sentimita 7 gawanya kwa 2 ni 3.5. Hiyo ni desimali, wasomaji wangu, na mtoto aliijua kwa sababu bila hiyo mstari wote ungekwenda upande.

Kisha wakatembea na kifaa hicho kukata mteremko. Mguu mmoja kwenye kigingi, wa pili wausogeza juu au chini mpaka kamba iguse alama, hapo kigingi kingine, na kuendelea. Walipofika mwisho wa konde la shule walikuwa wamepiga vigingi 30. Mwalimu akauliza, mstari huu una mita ngapi? Darasa zima likajibu, 60! Ila msichana mmoja akasema ni 58. Wakamcheka. Akawaambia wahesabu nafasi, wasihesabu vigingi. Vigingi 30, nafasi 29, mara 2, mita 58.

Yule baba alinyamaza kidogo. Akahesabu kwa vidole ukingoni mwa meza. Halafu akasema polepole, "Ndiyo maana mwaka ule wa uzio wangu nguzo hazikutosha." Sikumwuliza zaidi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kuwa hili ndilo kosa linalowashinda watoto wengi katika karatasi ya mtihani, kwa sababu karatasi haina vigingi. Mtoto aliyesimama mteremkoni na vigingi mkononi halisahau. Hiyo ni faida ya kwanza, nami naiona kubwa kupita nyingine: hesabu inapata mahali pa kukaa.

Tukafika kwenye mvua. Watoto walikuwa wameweka nje kopo lenye kuta zilizonyoka, na asubuhi baada ya mvua ya usiku wakatia rula, wakakuta milimita 40. Mwalimu akawaeleza jambo ambalo hata mimi napenda kulirudia: milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 kamili. Basi konde la mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600. Mara 40, ni lita 24,000. Debe letu ni lita 20, kwa hiyo ni madebe 1,200. Mama msomaji, wewe unayepanda kutoka bondeni na debe moja kichwani ukipumzika njiani mara tatu, fikiri madebe 1,200 yakimwagwa katika konde lako usiku mmoja, wewe umelala. Hayo yasipozuiliwa yanashuka na udongo wako mpaka mtoni, na kutoka mtoni mpaka tambarare za Korogwe. Hapo mtoto haulizi tena kwa nini mstari ulipigwa. Sayansi, Hisabati na Jiografia zimemjibu kwa kinywa kimoja.

Ukurasa ule wa bibi ndio uliomgusa zaidi yule baba, maana bibi mwenyewe ni mama yake mzazi, mwenye umri uliopita miaka 80. Mtoto aliandika, kwa herufi zilizopinda, kwamba wanawake walilimishwa matuta yaliyofungwa kama masanduku, na asiyelima alitozwa faini, na watu walikasirika. Habari hiyo ni kweli. Serikali ya Kiingereza ilianza mpango wake katika bonde la Mlalo mwaka 1946, kisha ikaupeleka mahali pengi pa Usambara. Shabaha yake ilikuwa kuzuia mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwapo kweli. Lakini watu waliamriwa, hawakufundishwa. Kazi ilikuwa nzito mno, na mzigo uliwaangukia hasa kina mama. Uchungu huo ukaingia katika siasa za kudai uhuru, na ulipofika mwaka 1958 mpango ulikuwa umekwisha kufa. Baadaye, kuanzia mwaka 1981, ulikuja mradi wa SECAP kwa msaada wa Wajerumani, ukawashauri watu kupanda majani ya gwatemala na miti katika mistari ya kukinga mteremko. Hayo majani mnayoyakata kulisha ng'ombe zizini, wengi mliyapata huko.

Wazee wetu wa Kisambaa wana neno lao, kuzifya shi, kuiponya nchi. Walijua kwamba nchi huugua na huponywa. Hivyo mafundisho ya kutunza ardhi hayakuwa mageni milimani humu. Kilichokuwa kigeni ni amri isiyoeleza sababu. Mtoto wa darasa la tano aliyeshika kamba asubuhi, na jioni akamsikiliza bibi yake, ameyaelewa haya mawili pamoja: kwa nini tuta lafaa, na kwa nini watu walilikataa. Nani angemfundisha hayo katika kengele ya Historia peke yake, au ya Sayansi peke yake?

Yule baba akasema, "Mama hajawahi kunisimulia mimi." Nikamjibu, "Pengine hukumwuliza, Mgoshi." Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Sasa niseme upande wa pili, nisije nikaonekana ninayapamba mambo. Kuunganisha masomo kunaweza kuharibika, nami niliharibu kwa mikono yangu. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja isiyo ya huku kwetu, niliwatoa watoto wa darasa la sita nikawapeleka sokoni. Niliwaambia waandike bei, wapime vitu, waongee na wauzaji, wachore picha, watunge wimbo. Siku hiyo ilikuwa ya furaha kubwa. Nilirudi nikijiona mwalimu kupita walimu. Juma lililofuata nikatoa jaribio la sehemu, na nusu ya darasa walijumlisha nusu na robo wakapata mbili kwa sita. Sikuwa nimewafundisha sehemu kwanza, nilidhani soko litawafundisha. Mwalimu aliyenisimamia hakunigombeza. Alisema tu, "Umepika makande bila kujua nafaka ipi itangulie chunguni."

Kina mama mwaelewa. Mahindi makavu na maharage mabichi ukiyatia pamoja, moja litabaki gumu na jingine litapondeka. Kadhalika jedwali la kuzidisha sharti likaririwe peke yake, asubuhi kwa asubuhi, mpaka litoke ulimini bila kufikiri. Silabi na maandiko mazuri kadhalika. Tena kuna mambo yasiyoungana, wala yasilazimishwe kuungana. Mwalimu anayetafuta Jiografia ndani ya kila sala na Hisabati ndani ya kila wimbo anawachosha watoto. Walimu wa darasa hili la tano walifanya vizuri kwa sababu walifundisha desimali majuma mawili kabla ya kwenda mteremkoni. Nimewauliza, wakanionyesha maandalio yao.

Na hao walimu wenyewe wanapata nini? Nilimwuliza yule wa Hisabati nilipokutana naye baada ya Misa. Alisema zamani alikuwa hajui mwenzake wa Kiswahili anafundisha nini, ingawa walikaa meza moja. Sasa insha inayosahihishwa na mwenzake ni juu ya kazi aliyoifundisha yeye, na makosa ya watoto anayaona mapema: mtoto asiyeelewa hesabu hawezi kuieleza kwa maneno. Tena alikiri jambo lililonifurahisha, kwamba mteremkoni mzee mmoja alipita, akawaonyesha mahali chemchemi ilipokuwa zamani, na yeye mwalimu hakuwa akijua. Darasa lenye watoto wengi humchosha mwalimu anayeongea peke yake kutwa. Mteremkoni watoto walifanya kazi kwa makundi, yeye akapita akisikiliza. Alisema pia kuwa maandalio yalimchukua jioni tatu badala ya moja. Wazazi mlijue na hilo.

Jambo hili si la kubuniwa juzi. Hapa hapa Gare, Watrapisti waliokuja mwaka 1897 kutoka Mariannhill ya Afrika Kusini walifuata kanuni ya sala na kazi. Katika mkoa wetu wa Tanga, huko Kwamsisi wilayani Handeni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, chuo cha ualimu cha Korogwe kilijaribu shule ambayo masomo yake yalizunguka maisha ya kijiji. Serikali nayo imekuwa ikifunga na kufungua: mimi nilisoma Maarifa ya Jamii, somo moja, nilipokwenda chuoni nikakuta yamekuwa Historia, Jiografia na Uraia mbalimbali, mwaka 2016 Maarifa ya Jamii yakarudi, na katika mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 tunaona Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili. Majina yabadilika kama kalenda ya ukutani. Kwa mawazo yangu, jina la kitabu si kitu sana. Kitabu chaweza kuitwa somo moja na bado kikafundishwa vipande vipande, na vitabu vitatu vyaweza kufundishwa na walimu watatu wanaoongea pamoja.

Na Bwana wetu alifundishaje? Mpanzi na udongo wa namna nne, wavu na samaki, chachu na unga, mchungaji anayehesabu kondoo na kukuta mmoja hayupo. Wasikilizaji wake walikuwa wakulima na wavuvi, naye hakuwaambia waache nyumbani wanayoyajua ndipo waje kusikiliza.

Mwishoni yule baba akaniuliza swali ambalo hata mimi sikulitazamia. "Mstari huu wa mtoto, nikiufuata kondeni kwangu, utaingia kwa jirani. Yeye hataki majani ya gwatemala, asema yanamlia udongo. Nifanyeje?" Nikamwambia hilo ni somo jingine tena, tena gumu. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinakataza kusogeza mpaka wa jirani, lakini maji ya mvua hayajui mpaka. Nikamshauri aende na mwanawe, na kifaa chao, kwa jirani huyo, mtoto aeleze madebe 1,200. Mtu mzima huona haya kumfukuza mtoto anayepiga hesabu vizuri.

Alilichukua daftari akalifuta vumbi kwa kiganja, akalirudisha mfukoni. Mlangoni akageuka, akauliza ile alama ya pili ya kamba hupatikanaje, nikamweleza upya. Jumatatu jioni niliwaona wote wawili, baba na mwana, wamesimama juu ya konde la viazi na miti yao mitatu. Mtoto anaamuru, baba anasogeza mguu.

Mkutano wa wazazi na walimu ni Jumatano ijayo, saa nane mchana, chini ya mti ulio mbele ya shule. Mwalimu ameomba kila kundi liwe na kifaa chake, na kamba ndizo zinazopungua. Mwenye kamba nzuri ya katani nyumbani aje nayo.

Wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia, Gare